Mfadhili Huuliza Nini Kabla ya Kutoa

Mwaka 2010 kampuni ya ushauri ya Marekani iitwayo Hope Consulting iliwahoji watu wapatao 4,000 wenye kipato kizuri kuhusu namna wanavyochangia mashirika ya misaada. Wengi wao walisema wanajali sana kama shirika linafanya kazi yake vizuri. Hata hivyo, ni kama mtu mmoja tu kati ya watatu aliyekuwa akifanya uchunguzi wowote kabla ya kutoa, na waliochagua shirika baada ya kulilinganisha na mengine kwa matokeo ya kazi yake walikuwa asilimia 3.

Nimeifikiria sana asilimia hiyo, kwa sababu kwa miaka mingi riziki yangu ilitokana na watu hao. Kazi yangu ilikuwa kuandika maandiko ya miradi na taarifa za utekelezaji kwa mashirika yanayofanya kazi Afrika Mashariki kwa fedha za nje, na kila andiko lilikuwa jibu la swali ambalo mfadhili alikuwa ameuliza au tulidhani angeuliza. Kutokana na kazi hiyo nimeamini kwamba uamuzi wa mfadhili hauishii katika kugawa fedha. Swali lake hushuka kutoka makao makuu hadi ofisi ya nchi, na kutoka ofisi ya nchi hadi kwa afisa mradi wa wilaya, na huko ndiko linakoamua nani ataajiriwa, kitu gani kitahesabiwa, kijiji kipi kitafikiwa na kipi kitarukwa. Baada ya miaka michache shirika huwa limefanana na maswali linayoulizwa. Ndiyo maana naona mchangiaji wa dola 20 kwa mwezi ana wajibu wa kufikiri kabla ya kuuliza, kama ulivyo wajibu wa taasisi inayotoa mamilioni.

Swali la kwanza la wengi, ambalo mara nyingi halitamkwi, ni hili: ninayemsaidia ni nani? Watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 jaribio ambalo waandishi wa barua za kuomba michango wanaliishi hata kama hawajalisoma. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa kuchangia shirika la Save the Children kutoka katika fedha hizo. Kundi moja lilisoma habari za Rokia, msichana wa Mali mwenye umri wa miaka saba anayekabiliwa na njaa. Kundi jingine lilisoma takwimu za mamilioni ya wenye njaa katika nchi kadhaa za Afrika. Waliosoma habari za Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, na waliosoma takwimu walitoa dola 1.14. Waliopewa vyote viwili, yaani Rokia pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43. Kule kumwambia mtu kwamba wenzake Rokia ni wengi kulipunguza mkono wake badala ya kuuongeza.

Siidharau huruma ya namna hiyo, kwani ndivyo binadamu tulivyoumbwa, na bila hiyo pengine wengi wasingetoa kitu. Ninachokihofia ni kinachotokea katika ofisi zetu baada ya hapo. Makao makuu huomba picha ya mtoto mmoja, peke yake, akiitazama kamera, na wazazi, mwalimu na muuguzi wa zahanati hawatakiwi kuonekana hata kama wao ndio waliomfikisha mtoto huyo hapo alipo. Picha hiyo ikishazoeleka, mradi wenyewe huanza kuifuata. Vituo vya kulelea watoto vimeongezeka kwa sababu hiyo hasa: mtoto aliye kituoni ana uso, ana jina, na anaweza kutembelewa, ilhali mtoto aliyebaki na bibi yake kijijini kwa msaada wa ada na sare za shule haonekani. Kenya ilipoamua, kwa mkakati wake wa kitaifa wa mwaka 2022, kuwaondoa watoto katika vituo hatua kwa hatua na kuwarejesha katika malezi ya familia, ilikuwa inasahihisha jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilijengwa na wema wa watu wa mbali.

Lakini haki itendeke. Ufadhili wa mtoto mmoja mmoja, ambao kwa sura yake ni mfano kamili wa kutoa kwa kuvutwa na uso, ulichunguzwa na Bruce Wydick na wenzake katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watoto waliofadhiliwa kupitia shirika la Compassion International walisoma shule kwa muda mrefu zaidi, kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi, kuliko wasingefadhiliwa. Uso ulimvuta mtoaji, na kazi nayo ikazaa matunda. Tatizo ni kwamba mtoaji hakuwa na njia ya kuyajua hayo alipokuwa akiitazama picha, na picha ya mradi ulioshindwa ingekuwa nzuri vilevile.

Habari za dunia nazo humchagulia mtu. Thomas Eisensee na David Strömberg walichambua majanga ya asili yapatayo 5,000 yaliyotokea kati ya 1968 na 2002, wakaona kwamba janga likitokea wakati wa Michezo ya Olimpiki hupungukiwa na msaada wa Marekani kwa kuwa vituo vya televisheni havina nafasi ya kulitangaza. Kwa hesabu yao, upungufu wa chakula unahitaji kuua watu karibu 40,000 ili upate nafasi ya kutangazwa sawa na volkano iliyoua mtu mmoja. Kwa sisi tunaoishi na ukame kuliko volkano, hesabu hiyo inaumiza. Na upo upande wake wa pili: baada ya tsunami ya Desemba 2004 michango ilimiminika kiasi kwamba Madaktari Wasio na Mipaka, mapema Januari 2005, walitangaza hawapokei tena fedha kwa ajili ya janga hilo, wakawaomba waliokwisha kutoa waruhusu fedha zao zipelekwe kwenye dharura nyingine. Wapo waliowalaumu wakati ule. Mimi nalihesabu tangazo lile kuwa miongoni mwa mambo ya uaminifu zaidi yaliyowahi kufanywa na shirika la misaada, kwa sababu lilimwambia mtoaji ukweli ambao haukuwa na faida kwa mfuko wa shirika.

Kisha kuna swali linalojiona kuwa la busara kuliko yote: katika kila dola ninayotoa, senti ngapi zinamfikia mlengwa na ngapi zinaliwa na ofisi? Nimeliona swali hili likiharibu kazi nzuri zaidi ya swali jingine lolote. Gharama za uendeshaji, kama tunavyoziita kwenye bajeti, ni mshahara wa mhasibu na wa mtunza stoo, ni matengenezo ya pikipiki, bima ya gari, ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka na mtu wa kufuatilia kama kilichogawiwa kilitumika. Mfadhili akiweka kikomo cha asilimia 7 au 10, gharama hizo haziondoki, kwa sababu kazi haiwezi kufanyika bila hizo. Zinachofanya ni kujificha. Katika shirika moja nililofanyia kazi, mhasibu wa wilaya aliandikwa kwenye bajeti kuwa mratibu wa uhamasishaji wa jamii. Sikumwona mwizi yeyote katika ofisi ile. Niliona watu waadilifu waliolazimika kuandika jambo lisilo kweli ili kazi ya kweli iendelee, na niliona pia kwamba mtu aliyezoea kufanya hivyo kwenye bajeti hupata shida kuandika ukweli kwenye taarifa.

Mwaka 2013 wakuu wa taasisi tatu za Marekani zinazotoa taarifa kuhusu mashirika, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wakiwasihi waache kulipima shirika kwa kipimo hicho peke yake. Charity Navigator wenyewe walikuwa wamejipatia umaarufu kwa kupanga mashirika kwa hesabu zao za fedha, kwa hiyo barua hiyo ilikuwa nzito. Mwaka uliofuata, Uri Gneezy na wenzake walionyesha jinsi hisia hii ilivyo na mizizi. Waliwaandikia watu 40,000 kuomba michango, na wale walioambiwa kwamba gharama za uendeshaji zimeshalipwa na mtu mwingine walichangia kwa wingi zaidi kuliko walioambiwa kwamba mchango wao ungeongezewa mwingine wa kiasi hichohicho. Mtu anataka shilingi yake yeye ndiyo imguse mlengwa. Ni tamaa njema, lakini shirika lisilo na mhasibu haliwezi kumwambia mtu shilingi yake ilikwenda wapi.

Kwetu mwambao, tamaa hiyo ya kugusa moja kwa moja ina umbo lake, nalo ni kisima. Kisima ni sadaka jariya; thawabu zake humfuata mtoaji, au mzazi aliyefariki ambaye sadaka imetolewa kwa ajili yake, maadamu watu wanaendelea kunufaika. Kwa hiyo ukipita vijijini Tanga, Pwani, Lindi au Pemba utakuta pampu zenye vibao vya majina ya familia za Oman, Kuwait na Imarati, na za ndugu zetu waliohamia huko. Naipenda desturi hii na nimekulia ndani yake. Lakini ramani ya vituo vya maji vijijini iliyoandaliwa Tanzania bara mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya vituo havikuwa vikitoa maji. Havikuwa vya wafadhili wa Ghuba peke yao. Serikali, makanisa na mashirika ya Ulaya walikuwa wamo. Sababu zake kila mtu wa kijijini anazijua: mpira wa pampu umekwisha na duka la vipuri liko mjini, bomba limeliwa na kutu kwa maji yenye chumvi, mfuko wa kamati ya maji hauna kitu, au fundi aliyefundishwa siku ya uzinduzi amehamia Dar es Salaam.

Na hapa ndipo swali la mtoaji linapoonyesha nguvu yake. Anayeuliza kisima kimoja ni kiasi gani atapewa bei ya kuchimba, na mashirika yatashindana kuishusha. Hakuna atakayetajiwa bei ya kukifanya kitoe maji kwa miaka kumi, kwa sababu hakuna anayeiuliza. Ilhali sharti la sadaka jariya ni huko kuendelea. Nikilitazama jambo hili kwa msingi wa sadaka yenyewe, naona fundi wa pampu, stoo ya vipuri na mshahara wa mhasibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vimo ndani ya sadaka, haviko nje yake, na anayelipia ukarabati wa visima vitano vilivyokufa pengine ametoa zaidi ya aliyechimba kimoja kipya na kukiandika jina. Wapo watoaji wa Ghuba waliofikiri kwa mapana hayo. Shirika la Kuwait lililoasisiwa na daktari Abdulrahman Al-Sumait, ambalo leo linaitwa Direct Aid, lilianzisha chuo cha ualimu Zanzibar mwaka 1998, chuo ambacho sasa ni chuo kikuu chenye jina lake. Mwalimu hawekewi kibao, lakini kila mwaka ana darasa jipya mbele yake.

Mwaka 2007 vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji nchini Marekani, Holden Karnofsky na Elie Hassenfeld, walianzisha GiveWell baada ya kuyauliza mashirika swali jepesi, yaani fedha zetu zitaleta mabadiliko gani na mnajuaje, na kupata majibu yaliyojaa picha na hadithi. Walichokifanya ni kuutafuta ushahidi wenyewe na kuuchapisha pamoja na mahesabu yao, ili yeyote aweze kuwakosoa. Tangu hapo fedha zinazozidi dola bilioni 2 zimepitia mapendekezo yao. Ushahidi walioutegemea kwa kiasi kikubwa ulitoka kwetu, hasa magharibi mwa Kenya.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika moja la Kiholanzi lilikuwa likisaidia shule za msingi huko Busia, na mchumi Michael Kremer akalishauri lisiingie katika shule zote kwa pamoja, bali shule zipangwe kwa bahati nasibu, nyingine zianze na nyingine zisubiri, ili tofauti ionekane. Walianza na vitabu vya kiada. Hakuna mfadhili anayeweza kukataa kuwanunulia vitabu watoto wanaosoma wanne kwa kitabu kimoja, nami ningekuwa wa kwanza kutoa. Matokeo yakaonyesha kwamba kwa wastani alama za mitihani hazikupanda. Walionufaika ni watoto waliokuwa tayari wanaongoza darasa, kwani vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na mtaala ulitungwa kwa kumfikiria mtoto mwenye maandalizi ambayo wengi wa Busia hawakuyapata. Mama yeyote wa Busia mwenye mtoto wa darasa la tano angeweza kuwaeleza hayo kabla hata kitabu cha kwanza hakijanunuliwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza, kwa kuwa swali la wafadhili lilikuwa ni vitabu vingapi vimegawiwa.

Kisha, kuanzia mwaka 1998, zikaja dawa za minyoo katika shule 75. Utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza kidonge walinufaika, kwa sababu maambukizi yalipungua katika eneo zima. Alama za mitihani hapa pia hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine waliyapitia upya mahesabu hayo na mjadala mkali ukazuka. Baadaye ufuatiliaji wa miaka ishirini, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliopata dawa zaidi utotoni walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Ninachokithamini mimi katika kisa hiki ni kwamba kitu kisichovutia hata kidogo, kidonge cha minyoo, kilipata nafasi ya kushindana na kitabu kipya chenye jalada la rangi, na kikashinda kwa sababu ushahidi ulitafutwa.

Vyandarua navyo vina kisa kama hicho. Watanzania tunaikumbuka Hati Punguzo iliyoanza mwaka 2004, ambayo mjamzito aliipata kliniki akachangia kidogo dukani. Nyuma yake ulikuwapo mjadala mrefu, kwani wengi waliamini kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba chandarua kisicholipiwa kitageuzwa wavu wa kuvulia samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu imani hiyo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua, na bei ilipopandishwa kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, idadi ya waliochukua ilianguka kwa asilimia 60. Leo vyandarua vyenye viuatilifu, ambavyo baadhi yake vimetengenezwa Arusha katika kiwanda cha A to Z, hugawiwa bure kwa mamilioni. Shirika la Against Malaria Foundation, lililoasisiwa London na Rob Mather, linavinunua na kufuatilia vinakokwenda, na GiveWell hulipendekeza kwa makadirio kwamba programu za namna hiyo huokoa maisha ya mtu mmoja kwa dola kati ya 3,000 na 5,500 hivi. Malaria iliua watu 597,000 duniani mwaka 2023, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa nchi nne: Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania. Ukiwa umewahi kukaa wodi ya watoto wakati wa masika, makadirio ya dola 5,000 hayaonekani kuwa hesabu baridi ya wachumi. Mwaka 2013 GiveWell waliliondoa kwa muda shirika hilohilo katika orodha yao, bila kuona kosa katika kazi yake, kwa sababu lilikuwa na fedha nyingi ambazo halijazipangia matumizi, na mwaka uliofuata wakalirudisha. Ni wafadhili wachache sana nimewaona wakiuliza: mkipata fedha zaidi, mnaweza kuzitumia vizuri sasa hivi?

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni fedha taslimu. Shirika la GiveDirectly walianza magharibi mwa Kenya kwa wazo ambalo lingefanya andiko la mradi liwe na ukurasa mmoja tu: tafuta kaya maskini, mwanzoni kwa kigezo cha nyumba ya nyasi badala ya mabati, na uitumie fedha kwa M-Pesa bila sharti. Utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro huko Rarieda ulionyesha kwamba watu walinunua mabati na mifugo na kula vizuri zaidi, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Utafiti mkubwa zaidi, katika vijiji 653 vya Siaya, ulionyesha kwamba kaya zilipopewa takriban dola 1,000, kila dola moja iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, kwa kuwa fundi, mwenye duka na mwenye posho mill wote walipata wateja. Mwaka 2025 baadhi ya watafiti hao wa Siaya na wenzao walitoa matokeo kwamba vifo vya watoto wachanga katika kaya zilizopata fedha vilipungua kwa karibu nusu. Mfadhili aliyekuwa akiogopa kwamba maskini atakunywa fedha zote amejibiwa, tena kwa ushahidi ambao miradi mingi niliyoiandikia haikuwahi kuwa nao.

Na bado, GiveDirectly walipovuka kwenda Homa Bay, karibu nusu ya watu, asilimia 45, walikataa kupokea. Uvumi ulienea kwamba fedha zile ni za kishetani. Wazungu wengi waliosoma habari hiyo walishangaa, lakini anayeijua historia ya mashirika katika eneo la ziwa hakushangaa sana: watu walikuwa wamezoea kuhojiwa kwa masaa na kupigwa picha kabla ya kupewa hata mche wa sabuni, kwa hiyo mgeni anayetoa bila kudai kitu alistahili kushukiwa. Mwaka 2022 huko Kivu Kusini, wafanyakazi wa shirika hilo waliokula njama waliiba takriban dola 900,000 zilizokuwa za familia zaidi ya 1,700. Shirika lenyewe lilitangaza wizi huo na kueleza ulivyotokea. Wapo wachangiaji waliokimbia. Mimi hutazama kinyume chake: shirika linalofanya kazi Kivu na kudai kwamba halijawahi kupoteza kitu ndilo linaloniogofya. Vivyo hivyo shirika la Evidence Action, ambao mwaka 2018 waliomba mpango wao wa Bangladesh wa kuwakopesha watu nauli wakati wa njaa uondolewe katika orodha ya mapendekezo ya GiveWell kwa sababu matokeo ya karibuni yalikuwa mabaya, na mwaka 2019 wakaufunga. Shirika lililokubali kupoteza fedha kwa ajili ya ukweli litaniambia ukweli na mimi.

Nina shaka moja kuhusu njia hii ya ushahidi, nayo si ndogo. Yanayohesabika kwa urahisi ni yale yanayoweza kugawiwa kijiji kwa kijiji kwa bahati nasibu: kidonge, chandarua, fedha. Chama cha wakulima kinachoishinikiza halmashauri itengeneze barabara, au kituo cha msaada wa kisheria kinachomtetea mjane asinyang'anywe shamba, hakiwezi kugawiwa hivyo, na mashirika ya namna hiyo karibu yote ni ya wenyeji. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada ya dharura waliahidi mjini Istanbul kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha zao itawafikia wenyeji kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulipofika, zilizokwenda moja kwa moja hazikufika asilimia 5. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mashirika ya wenyeji hayana mifumo imara ya fedha, na ni kweli kwamba mengi hayana. Hayana kwa sababu hakuna aliyekubali kuwalipia wahasibu. Mfadhili kama MacKenzie Scott, aliyetoa mabilioni ya dola tangu 2020 bila kuwapangia wapokeaji matumizi, ameonyesha kwamba inawezekana kumchunguza mtu vizuri kwanza, kisha kumwamini.

Mwaka 2019 taasisi ya IDinsight, kwa fedha za GiveWell, iliwauliza watu wapatao 1,800 wa kipato cha chini nchini Ghana na Kenya, Kilifi na Migori zikiwemo, maswali ambayo kwa kawaida hujibiwa na wachambuzi wa GiveWell walioko Marekani: kati ya kuokoa maisha ya mtoto mdogo na kuzipa familia nyingi kipato zaidi, kipi kitangulie, na kwa uzito gani? Waliohojiwa waliyapa maisha ya watoto wa chini ya miaka mitano uzito mkubwa kuliko mahesabu ya awali yalivyokuwa yameyapa, na wengi walikataa kabisa kuyabadilisha maisha kwa fedha, haidhuru ni za kaya ngapi. GiveWell walibadilisha mahesabu yao. Sijaona kitu kingine katika uwanja huu chenye heshima kama hicho: maoni ya mtu wa Migori yaliingia kwenye hesabu na kusogeza fedha.

Tangu Marekani ilipoifunga rasmi USAID tarehe 1 Julai 2025, kliniki na miradi mingi inawatazama wachangiaji binafsi kuliko zamani, na jamaa walioko Muscat, London na Minneapolis huniandikia wakitaka niwatajie shirika la kuchangia. Siwatajii jina kwanza. Nawaomba waliandikie shirika wanalolifikiria barua fupi: ni jambo gani mlilifanya likashindwa katika miaka ya karibuni, mliligunduaje, mlibadilisha nini, na wanakijiji wana njia gani ya kuwaambia kwamba hawakitaki mnachokileta. Wengine hutumiwa kalenda yenye picha za watoto. Wengine hujibiwa na mtu aliyechukua muda, kurasa mbili au tatu, zenye tarehe, hesabu na jina la kijiji ambako mambo yaliharibika, na hao ndio ninaowaambia watume fedha, tena bila kuweka kikomo cha gharama za ofisi.